Bruno Gutmann na Ndugu wa Ngao wa Old Moshi

Mlimani kwetu kuna mpaka ambao hauko kwenye ramani ya serikali, lakini bibi zetu waliujua vizuri. Kilema, Kibosho na Rombo palikuwa kwa mapadre. Machame, Mamba na Old Moshi palikuwa kwa wachungaji. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Misheni ya Leipzig wakaanza Machame mwaka 1893. Kwa muda mrefu mtoto wa upande mmoja alisikia machache sana juu ya upande wa pili, na mengi ya hayo machache yalikuwa masengenyo. Kwa hiyo watakuwepo wasomaji watakaoshangaa kuona jarida la seminari ya Kikatoliki likisimulia maisha ya mchungaji wa Kilutheri. Tunamsimulia kwa sababu kuna swali ambalo makatekista na walimu wa dini wanatuuliza karibu kila tunapokwenda parokiani, na mtu huyu alihangaika nalo hapa hapa mlimani zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Swali lenyewe ni hili. Mtoto anaweza kuzijua Amri Kumi za Mungu kwa moyo na kujibu maswali yote ya katekisimu bila kukosea. Kisha kengele inalia, anatoka mlangoni, anamsukuma mdogo wake na kumnyang'anya parachichi. Maneno ameyashika, tabia haijaguswa. Sasa subira hufundishwaje darasani? Huruma je, na kujizuia, na kukubali kukosolewa bila kununa wiki nzima? Shuleni siku hizi mambo haya huitwa stadi za maisha, na yamewekewa vitabu. Sisi seminarini tunayaita malezi ya kiutu, na tangu Papa Yohane Paulo II atoe waraka wa Pastores dabo vobis mwaka 1992 tunafundishwa kwamba huo ndio msingi wa malezi mengine yote ya padre. Msingi huo, hata hivyo, haujengwi kwa kusoma waraka.

Bruno Gutmann alizaliwa Dresden, Ujerumani, tarehe 4 Julai 1876, katika familia ya watu wa hali ya chini. Dresden ya siku hizo ilikuwa ikijaa viwanda, na watu waliotoka vijijini walikuwa wakiingia mjini wakiacha nyuma ujirani na jamaa zao. Mambo hayo aliyaona akiwa mtoto, na hayakumtoka moyoni. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini baadaye alipenda sana vihamba na koo za Wachagga, na kwa nini aliuogopa mji, aanzie hapo. Alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mji kabla ya kuingia seminari ya wamisionari ya Leipzig. Leipzig ndipo alipokuwa akifundisha Wilhelm Wundt, mmoja wa waasisi wa saikolojia ya kisasa, na mawazo ya mwalimu huyo kuhusu nafsi ya mtu na nafsi ya taifa lake yalimwathiri sana kijana Gutmann.

Alifika Kilimanjaro mwaka 1902. Tukumbuke ulikuwa wakati gani. Miaka miwili tu kabla, tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli hapo Old Moshi pamoja na viongozi wengine, watu wote wakitazama. Kijana wa Kijerumani aliyepanda njia ya Kidia na Biblia yake alikuwa na rangi na lugha ile ile ya walioshika kamba. Hatujui njia ya mkato ya kuwafundisha watoto wa watu walioyaona hayo. Gutmann naye hakuwa nayo. Alichofanya ni kukaa chini na kusikiliza, na katika hilo alizidi karibu wageni wote wa wakati wake.

Alianzia Mamba na Machame, akaanzisha kituo cha Masama mwaka 1906, na kuanzia mwaka 1910 akawa mchungaji wa Old Moshi. Kichagga alikijua kwa undani. Alikaa na wazee akiandika hadithi zao, sala zao, namna walivyoamua kesi za ng'ombe na za mifereji, namna mahari ilivyohesabiwa, na nani alimpa nani sehemu gani ya nyama katika kuchinja. Kitabu chake cha kwanza juu ya fikra za Wachagga kilitoka mwaka 1909. Kile cha sheria za Wachagga, chenye kurasa zaidi ya 700, kilitoka mwaka 1926. Vyuo vikuu viwili vya nchi yake, Erlangen na Würzburg, vilimpa shahada za heshima, kimoja ya teolojia na kingine ya sheria. Mambo hayo ya heshima tunayapita haraka, kwani kilichotuvuta kwake ni darasa.

Katika kusikiliza kwake aligundua kwamba Wachagga walikuwa na shule kabla ya shule. Baada ya tohara, vijana wa kiume walipelekwa porini katika jando lililoitwa ngasi. Huko walifundishwa na mzee aliyeshika fimbo iliyochongwa alama, mregho. Kila alama ilibeba fundisho lake. Mzee alipitisha kidole kwenye fimbo kutoka alama hadi alama, naye akaimba au akatamka mafundisho kwa mpangilio uleule alioupokea, na vijana wakayafuata. Mregho ulikuwa kitabu chao. Mafundisho yenyewe hayakuwa ya vita tu. Yalieleza jinsi mtu anavyotungwa tumboni na kukua, shida aliyoipata mama kwa ajili ya mwanawe, heshima kwa baba na kwa wakubwa, namna ya kukaa na mke, namna ya kujizuia hasira na njaa, namna ya kula na wenzako bila kutanguliza mkono. Hayo yote Gutmann aliyaandika, na yakatoka katika juzuu tatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Msomi mwingine, Otto Raum, mwana wa mmisionari aliyezaliwa huku huku mlimani, aliandika kitabu kizima juu ya utoto wa Kichagga kilichochapishwa mwaka 1940. Tukivisoma vitabu vya hao wawili pamoja, tunapata picha kamili ya malezi ya mlima huu kuliko ile tuliyo nayo ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Tusidanganyane, ngasi haikuwa bustani. Ilikuwa na maumivu, vitisho na siri, na mafundisho mengine Mkristo hawezi kuyapokea. Gutmann aliyajua hayo, na hakutaka kuirudisha ngasi kanisani kama ilivyokuwa. Jambo lililomshughulisha ni lingine. Aliona kwamba mzee wa mregho hakumfundisha kijana akiwa peke yake. Kijana alifundishwa akiwa na rika lake, na aliyoyasikia alikwenda kuyaishi mbele ya macho ya walewale aliyoyasikia pamoja nao. Akadanganya, wapo wanaojua alikula kiapo gani. Akawa mvivu kwenye msaragambo wa mfereji, wapo watakaomcheka, na ni haohao watakaomsaidia kesho.

Kisha akalitazama darasa la misheni, lile aliloliongoza mwenyewe. Watoto wameketi kwenye mabenchi, kila mmoja na ubao wake wa kuandikia. Anayejibu vizuri anasifiwa, anayeshindwa anabaki nyuma. Mwisho wa mwaka mmoja anakwenda mbele na mwingine anabaki, na kati yao hakuna deni lolote. Gutmann alikuwa na hofu kwamba shule hii, pamoja na mema yake yote, ilikuwa ikimfundisha mtoto somo moja lisiloandikwa ubaoni, yaani kukimbia peke yake. Hofu hiyo ndiyo kiini cha maisha yake, na kwa maoni yetu alikuwa na haki ya kuwa nayo.

Hapo ndipo alipoukumbuka undugu wa ngao. Kwa desturi ya Wachagga, vijana waliotahiriwa pamoja waliunganishwa wawili wawili. Vitani walisimama bega kwa bega, ngao ya mmoja ikimkinga mwenziwe, na undugu huo uliendelea hata vita vilipokwisha. Gutmann aliuchukua akauingiza katika darasa la kipaimara. Kwa Walutheri, kipaimara hutanguliwa na mafundisho marefu, na humfungulia kijana njia ya kushiriki Chakula cha Bwana kama mkristo aliyekomaa. Kwa hiyo darasa hilo lilikuwa kizingiti cha utu uzima, kama tohara ilivyokuwa zamani. Humo wavulana waliunganishwa na wavulana, na wasichana na wasichana, wawili wawili au katika vikundi vidogo. Waliitwa ndugu wa ngao, na walitarajiwa kubaki hivyo baada ya mafundisho, hata watakapooa na kuolewa na kuzeeka.

Tuangalie kwa makini kilichobadilika hapo, kwa sababu ni kitu kidogo ambacho mtu anaweza kukipita. Mafundisho yalibaki yaleyale. Saa za darasa hazikuongezwa. Lakini kila mtoto sasa alikuwa na mtu mmoja mwenye jina ambaye alipaswa kujibu kwa ajili yake. Mwenzake asipoelewa, kazi ya kumweleza ilikuwa yake kabla ya kuwa ya mwalimu. Mwenzake akiugua, yeye ndiye wa kwanza kujua. Mwenzake akiteleza, yeye ndiye wa kwanza kumwendea, tena kwa faragha, kabla habari hazijawafikia wazee wa kanisa. Mtoto hakuambiwa ampende kila mtu, jambo ambalo ni rahisi kuitikia kwa sauti na vigumu kulifanya kabla ya jua kuzama. Alipewa jirani mmoja.

Na huyo mmoja hutosha kukufunza mengi. Ukikaa na mtu mmoja kwa mwaka mzima utajua anavyokasirika, na atajua unavyokasirika wewe. Utajifunza kuomba msamaha kwa sababu kesho mnakaa benchi moja. Utajifunza kumwambia ukweli bila kumvunja, maana ukimvunja umejivunja ngao yako. Stadi ambazo vitabu vya leo huzipanga kwa sura, kila moja na zoezi lake, hapo zilikuja kwa mkupuo mmoja, zikiwa zimevaa sura ya mtu. Sisi tulioishi bwenini miaka kadhaa tunalielewa jambo hili bila kuelezwa sana. Aliyetulea zaidi, mara nyingi, ni yule aliyelala kitanda cha jirani.

Gutmann hakuishia kwenye ngao. Aliona kwamba mtu huzaliwa ndani ya vifungo vitatu ambavyo hakuvichagua, yaani ukoo wake, ujirani wake na rika lake. Usharika wa Old Moshi aliupanga juu ya vifungo hivyo. Wazee wa kanisa walipewa majirani wa kuwatunza, na kazi za pamoja zilifanywa na majirani pamoja, kama mifereji ilivyochimbwa na kusafishwa tangu zamani. Msomaji Mkatoliki ataona mara moja kinachofanana na cha kwetu. Maaskofu wa AMECEA walipokutana mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe njia ya kulijenga Kanisa katika Afrika Mashariki, watu wakikutana nyumbani kwa jirani na kujuana kwa majina. Hatusemi kwamba waliyatoa kwa Gutmann. Tunasema tu kwamba mlima huu ulikuwa umeshaona kitu cha namna hiyo miaka 60 kabla, upande wa pili wa korongo.

Jaribio la kazi yake lilikuja bila yeye kulitafuta. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig walifukuzwa. Gutmann aliondoka Old Moshi akiwa hajui kama atarudi. Wakati huo hapakuwa na mchungaji Mwafrika hata mmoja katika sharika hizo za mlimani. Wa kwanza waliwekewa mikono miaka ya 1930. Wamisionari wachache wa Kilutheri kutoka Marekani walikuja kusaidia, lakini mlima ni mkubwa. Waliozishika sharika ni walimu wa shule na wazee wa kanisa, watu kama mwalimu Filipo Njau wa Old Moshi, mwanafunzi wa Gutmann mwenyewe. Walifundisha, walisuluhisha, walizika. Wageni waliporuhusiwa kurudi mwaka 1925 walikuta kanisa lililo hai. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya walimu na wazee hao, na hatupendi simulizi zinazompa mmisionari kila kitu. Hata hivyo si vigumu kuona kwamba watu waliozoeshwa tangu ujana kujibu kwa ajili ya mwenzao walikuwa na mahali pa kuanzia mchungaji alipoondolewa ghafla.

Alirudi, lakini Old Moshi aliyoikuta haikuwa ileile. Kahawa ilikuwa imepanda. Mbegu yake, tuseme kwa majivuno kidogo, ilianzia kwa mapadre wa Kilema, na sasa ilikuwa vihambani kila upande. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga waliunda chama chao cha kahawa, na mmoja wa viongozi wake wakuu alikuwa Joseph Merinyo, kijana wa Old Moshi aliyesomea misheni. Chama hicho ndicho kilichofungua njia kwa KNCU iliyoanzishwa mwaka 1933. Waingereza nao walikuwa wamefungua shule ya serikali Old Moshi katika miaka hiyo ya 1920. Vijana walitaka Kiingereza. Walitaka Kiswahili kinachowafikisha Tanga na Dar es Salaam. Walitaka kuwa makarani, madereva, wafanyabiashara, na kujenga nyumba za mabati.

Hapa Gutmann alishindwa kuwafuata. Alishikilia kwamba mtoto wa Old Moshi afundishwe na ahubiriwe kwa Kimochi, na Agano Jipya alilitafsiri kwa lugha hiyo. Fedha aliiona kama kitu kinachokata vifungo, na mji aliuona kama Dresden nyingine. Wapo vijana waliomwona kama mzungu anayetaka kuwafungia kwenye kihamba wakati Wazungu wenzake wanaendesha magari. Tunaona walikuwa na hoja nzito. Malezi yanayomfaa mtoto akiwa tu kijijini kwake hayajamwandaa kwa siku atakayopanda basi. Watoto wa mlima huu leo wako Dodoma, Mwanza, Nairobi na ng'ambo, na wengi wao hurudi kila Desemba na magari kujaa barabara ya Marangu na ya Kibosho, jambo linaloonyesha kwamba kifungo hakikatiki kirahisi kama alivyoogopa.

Kuna hatari nyingine katika mawazo yake, nayo ni kubwa zaidi. Mtu akisema kwamba ukoo na damu ni zawadi za Mungu ambazo kanisa lazima lijengwe juu yake, yuko hatua chache kutoka mahali pabaya. Ujerumani ya miaka ya 1930 ilijaa maneno ya damu na ardhi, na wateolojia wa nchi yake walimshutumu Gutmann kwamba lugha yake iko karibu mno na maneno hayo, na kwamba ameweka maumbile mahali pa neema. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Ujerumani kupata mfano. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 Aprili 1994, siku chache baada ya mauaji ya Rwanda kuanza, katika nchi ambayo wengi wa wauaji na wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa katika Kanisa moja. Sinodi ile ilisisitiza kwamba Kanisa ni Familia ya Mungu, na ililazimika kusema hivyo huku ikijua jinsi neno familia linavyoweza kubanwa likawa la watu wa damu moja tu.

Kwa maoni yetu ndiyo maana, katika vifungo vyake vitatu, ule wa rika ndio uliobeba zaidi. Ukoo hukupa ndugu ambao tayari ni wako. Rika hukukutanisha na mtoto wa ukoo mwingine, pengine wa ukoo ambao baba yako ana kesi nao ya mpaka wa shamba, na ngao inakutaka umkinge huyo. Ngao ina uwezo wa kuvuka korongo, ukoo peke yake hauna.

Katika mwaka wetu wa kichungaji baadhi yetu tulifundisha madarasa ya kipaimara parokiani, na tulijaribu jambo hili kwa namna ndogo. Tuliwaunganisha watoto wawili wawili, na palipobaki mmoja, watatu. Hatukuwaacha wachague wenyewe, kwa sababu wakichagua wenyewe, wanaojua kusoma vizuri huchaguana, na yule mwenye sare iliyochanika hubaki hadi mwisho akitazama chini. Kazi tulizowapa zilikuwa za kawaida mno: kila Jumamosi kabla ya somo, kila mmoja aseme habari za mwenzake za wiki hiyo, wala asiseme zake. Wiki mbili za kwanza walicheka tu. Wiki ya tatu msichana mmoja alisema mwenzake hakuja kwa sababu mama yake amelazwa, na darasa zima likanyamaza. Somo la siku hiyo lilikuwa juu ya vipaji vya Roho Mtakatifu. Tulilifundisha tukiwa njiani kwenda kumwona mgonjwa.

Ugumu nao upo, na katekista anayetaka kujaribu aujue mapema. Watoto wengine wawili waligombana vibaya, na wazazi wa mmoja walikuja kutaka watenganishwe. Hatukuwatenganisha. Tulikaa nao mara nne chini ya mti wa mruka kabla ya kupatana, na muda huo tuliutoa kwenye kazi nyingine. Pia lazima pawe na mtu mzima ambaye mtoto anaweza kumwendea anapoona jambo kubwa lisilobebeka na mtoto, kama mwenzake kupigwa au kutendewa uovu nyumbani. Ndugu wa ngao si kifuniko cha siri za namna hiyo. Darasa la watoto 60 na mwalimu mmoja linafaa kuwa na wasaidizi wawili watatu kutoka jumuiya, na kwa kawaida wanapatikana akiombwa mtu badala ya kutangaziwa umati.

Gutmann aliondoka Kilimanjaro kwa mara ya mwisho mwaka 1938. Mwaka uliofuata Vita vya Pili vya Dunia vilianza na njia ikafungwa. Aliishi miaka yake iliyobaki Ehingen, kijiji cha Bavaria, akiandika juu ya watu wa mlima ambao hakuwaona tena, na akafariki huko tarehe 17 Desemba 1966 akiwa na umri wa miaka 90. Miezi michache baadaye, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na moja ya malalamiko yake juu ya shule zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni ni kwamba zilimlea mtoto katika ubinafsi badala ya kumfundisha kuishi na kufanya kazi pamoja na wenzake. Mkatoliki wa Butiama na Mlutheri wa Dresden walikuwa wameliona benchi lilelile.

Kidia bado pana kanisa, na barabara ya kwenda huko inapanda kutoka mjini Moshi kupitia migombani. Wanaseminari wanaotaka kutembelea wanaweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Wakiwa huko wafike pia Tsuduni, mahali aliponyongwa Mangi Meli.